Dar hadi New York: tiketi inasema saa saba, wakala anasema kumi na tano

Swali: "Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kupanda ndege. Januari anakwenda New York kwa dada yangu aliyejifungua. Tiketi yake inasoma hivi: Dar 19:40, Nairobi 21:00, halafu Nairobi 23:25, New York 06:25. Kurudi: New York 12:25, Nairobi 10:55 ya kesho yake. Nikitoa, kwenda ni saa saba na kurudi ni saa ishirini na mbili na nusu. Wakala aliyetukatia tiketi anasema kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14 na nusu. Nikigawa kilomita kwa kasi ya ndege napata saa 13. Na mjomba wetu anashikilia kwamba kwenda ndiko kunakopaswa kuwa kufupi, maana dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo New York inamfuata mama. Nani tumwamini, na mama atakaa hewani muda gani hasa?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Mwamini wakala. Ila wewe na mjomba msione haya. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya kupanga njia na mafuta ya ndege kabla hazijaruka, na maswali haya matatu nimeulizwa na watu wenye digrii zao.

Tuanze na ile saa saba, maana ndiyo inayotisha. Tiketi huandika saa ya ukutani ya kila mji. 23:25 ni saa ya ukuta wa Nairobi, 06:25 ni ya ukuta wa New York, na kuta hizo mbili hazikubaliani. Januari, New York iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa nane. Sasa mwambie mama asiiguse saa yake ya mkononi. Ndege inaondoka Nairobi saa yake ikisoma saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Inaposimama getini New York, ukuta wa kule utasema saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, lakini mkono wa mama utasema saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Hesabu kutoka saa tano usiku hadi saa nane mchana: saa kumi na tano kamili. Kurudi ni vivyo hivyo. 12:25 ya New York ni 20:25 ya huku, na kutoka hapo hadi 10:55 ya asubuhi inayofuata ni saa kumi na nne na nusu. Wakala wako hakukosea hata dakika.

Marubani wamejiepusha na fujo hii kwa kutumia saa moja tu dunia nzima, ile ya Greenwich, Uingereza. Kwenye karatasi zao mama anaondoka Nairobi 20:25 na kufika 11:25. Hawana habari na ukuta wa mtu.

Jambo moja la kuangalia: Wamarekani wa New York husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mama akikaa kule mpaka Aprili, tofauti itakuwa saa saba, siyo nane, na huenda tiketi ya kurudi ikabadilika kidogo. Muulize wakala kabla.

Na kuna mtego mwingine ambao hakuna Mmarekani atakayekuonya, kwa sababu ni wetu sisi wenyewe. Tiketi haisemi saa ya Kiswahili. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa anakwenda Muscat kumwona mwanawe, tiketi imeandikwa 05:15. Nyumba nzima tukasoma "saa tano na robo". Tukafika uwanjani Dar saa tatu asubuhi, tumejipongeza kwa kuwahi, yeye amevaa buibui jipya na kikapu cha machungwa ya Muheza miguuni. Kijana wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama shangazi, akasema kwa upole, "Bibi, hii iliondoka alfajiri." Ndege ilikuwa imeshakaribia Uarabuni. Machungwa yale tuliyala wiki nzima, na mimi niliyekuwa nafanya kazi kwenye ndege ndiye niliyesemwa zaidi. Kwa hiyo chukua kalamu, andika pembeni ya kila saa ya tiketi kwa maneno: 19:40 ni saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. 12:25 ni saa sita na dakika ishirini na tano mchana. 10:55 ni saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Na siku mtakayopata tiketi ya 00:30 ya Jumanne, mjue hiyo ni usiku wa kuamkia Jumanne: mnakwenda uwanjani Jumatatu baada ya chakula cha jioni. Wengi wamekwenda Jumanne usiku wakakuta ndege ilishaondoka jana yake.

Sasa kilomita. Ukitafuta umbali wa Nairobi na New York utakutana na namba tatu: 11,850 na kitu, 7,360 hivi, na 6,400 hivi. Zote ni sawa. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za kawaida, ya tatu ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani na manahodha wanazitumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Mtu akichanganya namba ya tatu na kilomita atakuambia New York iko karibu kama Ulaya.

Lakini kilomita 11,850 zinapimwa kupitia wapi? Chukua chungwa. Weka pini kwenye kiuno chake, hapo ndipo Nairobi, maana iko chini ya ikweta kwa pua tu. Sasa zungusha chungwa karibu theluthi ya mzunguko kuelekea magharibi, na upande karibu nusu ya njia kuelekea kwenye kikonyo. Weka pini ya pili: New York. Funga uzi kati ya pini hizo na uvute mpaka ukaze. Utaona uzi hauendi kama ulivyodhani. Unapanda kwanza kuelekea kikonyoni, unafika juu kuliko New York yenyewe, halafu unashuka kidogo kuifikia. Huo ndio mstari mfupi kuliko yote juu ya kitu cha mviringo. Kwenye ramani ya ukutani ya darasani unaonekana kama upinde, mtu anauliza kwa nini ndege inazunguka. Haizunguki. Ramani ndiyo iliyobanduliwa kutoka kwenye tufe ikanyooshwa kwa nguvu. Ukichora kwa rula kwenye ramani hiyo, ukapita Nigeria na Mauritania, utakuwa umeongeza zaidi ya kilomita 300.

Uzi wenyewe unapita wapi? Nimeufuata mara nyingi kwenye karatasi. Ukitoka Nairobi unaelekea kaskazini-magharibi. Ndani ya nusu saa mama ameshavuka ikweta. Unapita karibu na Lira, Uganda, unaingia Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, unakata Chad na kona ya Niger, kisha Sahara ya Algeria ambako chini hakuna taa hata moja kwa muda mrefu. Unatoka Afrika kwenye pwani ya Moroko, mahali ambapo nchi inaishia kwenye Atlantiki karibu na mji wa Safi. Halafu bahari. Katikati ya bahari unapita juu ya visiwa vya Azores, vya Wareno, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka ukaribie Amerika.

Huo ni uzi, na ndege halisi haiufuati uzi kwa utiifu. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ikafunga yake baada ya mapinduzi, ikaifungua Septemba. Kila ukikwepa kwa kilomita 450 umeongeza nusu saa. Ndiyo maana nikisikia mtu anatoa dakika za safari kwa uhakika mkubwa, namuuliza: za tarehe gani?

Tuje kwenye zile saa 13 zako. Hesabu yako ni safi. Ndege inayotumika kwenye njia hii, Boeing 787-8, husafiri kwa kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu, na 11,850 ukigawa kwa 900 unapata saa kumi na tatu na dakika kumi. Tatizo ni kwamba umehesabu kama mtu anayepanga safari ya Morogoro hadi Dar kwa kasi ya basi likiwa tayari Chalinze. Hujahesabu kutoka stendi. Muda wa tiketi unaanza ndege inaposukumwa kutoka getini na kuishia inaposimama geti lingine. Katikati kuna kutambaa hadi barabara ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda polepole kwa nusu saa ikiwa imebeba mafuta ya safari nzima, na mwisho kushuka hatua kwa hatua ukiwa kwenye foleni na ndege nyingine. Uwanja wa JFK wa New York una foleni hata hewani. Ongeza dakika arobaini, pengine saa.

Bado hatujafika kumi na tano. Kilichobaki ni upepo.

Wewe ni mtu wa bara, lakini mama huenda anayajua ya pwani: kaskazi inaanza kuvuma Desemba, inaleta majahazi kutoka Uarabuni, na kusi inayarudisha. Nahodha hakuuliza ni maili ngapi hadi Maskati, aliuliza ni mwezi gani. Juu kule, kilomita kumi au kumi na mbili kutoka ardhini, kuna pepo ambazo hazina msimu wa kugeuka. Zinavuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, katika mkanda mwembamba kama mto, na mto huo una kasi ya kilomita 150, 200, mara nyingine zaidi ya 300 kwa saa. Januari ndipo unapokuwa na nguvu zaidi kwa kaskazini mwa dunia, kwa sababu wakati huo tofauti ya joto kati ya ncha ya kaskazini na nchi za joto ndiyo kubwa. Mkondo mmoja hupita juu ya Sahara, mwingine juu ya Atlantiki. Mama anakwenda magharibi, kwa hiyo yote miwili anaikuta usoni. Mabaharia wangeuita upepo wa mbisho.

Kasi ya ndege ni kasi yake ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikiwa inarudi nyuma kwa kilomita 70 kwa saa kwa wastani wa njia nzima, ndege inayokwenda 900 inafika 830 tu ukiipima na ardhi. Gawa tena: saa kumi na nne na dakika kama kumi na saba. Ongeza zile dakika za stendi, umefika kumi na tano ya wakala.

Kurudi, upepo huohuo unakuwa mgongoni. Mfano wa upepo wa mgongoni ulioshangaza hata sisi wa kazi hii ulikuwa Februari 9, 2020. Dhoruba iliyoitwa Ciara ilikuwa inavuma juu ya Atlantiki, na ndege ya British Airways iliyotoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Ikipimwa na ardhi ilifika zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja ukuta wa sauti, maana ndani ya hewa ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Utauliza, kama ni hivyo mbona kurudi ni nusu saa tu pungufu? Kwa sababu ratiba ni ahadi, na kampuni ya ndege haipendi kuonekana imechelewa. Inaweka akiba ya kutosha kwa foleni ya mchana ya JFK na kwa siku ambayo upepo umelala. Upepo ukiwa mzuri, ndege inaweza kutua Nairobi mapema kwa dakika nyingi. Wanaomsubiri mtu Nairobi wasitoke nyumbani kwa saa ya tiketi.

Mjomba sasa. Hoja yake ina umri mrefu na nimeisikia hata kwa mwanafunzi wa urubani. Dunia ni kweli inazunguka kuelekea mashariki, tena pale ikweta ni kwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Kama mjomba angekuwa sahihi, tusingehitaji hata injini ya kwenda mbele. Helikopta ingepaa Nairobi, ikasimama palepale hewani saa moja, ikashuka ikajikuta katikati ya misitu ya Kongo. Haitokei, kwa sababu hewa inazunguka pamoja na ardhi. Mwambie afikirie nzi ndani ya basi la Dodoma. Basi linakwenda themanini, nzi anaruka kutoka kiti cha nyuma hadi kwa dereva na kurudi, na wala hapigwi na kioo cha nyuma. Hewa ya ndani ya basi imembeba.

Ila usimcheke, maana kuna mahali amegusa. Ni mzunguko huohuo wa dunia unaozipinda hewa za joto zinazotoka ikweta kwenda kaskazini, zikaishia kuvuma kuelekea mashariki na kuwa ule mto wa upepo. Kwa hiyo mzunguko wa dunia kweli unabadilisha muda wa safari ya mama, ila kinyume na alivyotaka: unamchelewesha kwenda na kumsukuma kurudi.

Pale ofisini, saa chache kabla ya safari kama hii, kompyuta inapewa upepo uliotabiriwa katika kila tabaka la anga, nayo inajaribu njia nyingi. Mara nyingine inachagua njia yenye kilomita 200 zaidi, iteremke kusini kuukwepa mto wa upepo, na bado ifike mapema. Dereva wa daladala anayekata kona ya Sinza kukwepa foleni ya Morogoro Road anafanya hesabu ileile bila kompyuta. Halafu tunahesabu mafuta: ya safari, ya akiba kama utabiri ukikosea, ya kwenda uwanja mwingine kama New York imefungwa na theluji, na juu yake ya kuzunguka dakika 30 hewani. Safari hii hula karibu tani 85. Ndani kuna marubani wanne, wanapokezana kulala, maana hakuna mtu wa kukaa macho kwenye usukani saa 15.

Nairobi ina ugumu wake pia. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mabawa hayashiki vizuri na injini hazipumui kama zikiwa Dar. Ndege iliyojaa mafuta kiasi hicho inahitaji barabara ndefu, na ya pale ina zaidi ya kilomita nne. Ubaridi wa usiku nao unasaidia, maana hewa ya baridi ni nzito kidogo. Jua la saa nane mchana lingeweza kuilazimisha iache mizigo.

Njia hii ya moja kwa moja si ya zamani. Marekani ilikubali viwango vya usalama wa anga vya Kenya Februari 2017, na Kenya Airways ikaruka kwa mara ya kwanza Nairobi hadi New York bila kutua Oktoba 28, 2018. Kabla ya hapo mama angepitia kwingine, kama Ulaya au Ghuba. Hapa nina neno kwa wale watakaosema "mngempitisha Dubai, ndege kubwa". Dar hadi New York kwa uzi uliokazwa ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi ni 12,500 na kitu, yaani Nairobi iko karibu kabisa juu ya uzi, hupotezi kitu. Ukipitia Amsterdam ni kama 13,200. Ukipitia Dubai ni karibu 15,000, kwa sababu unakwenda kaskazini-mashariki kwanza ndipo ugeuke kuifuata New York magharibi, na kutoka Dubai peke yake bado una kilomita 11,000. Kilomita 2,500 za ziada ni karibu saa tatu za kukaa kitini. Lakini nisiwe mkali sana. Kwa mzee ambaye hajawahi kupanda ndege, saa za kusubiri uwanjani zinachosha kuliko kilomita, na mapumziko ya katikati kwa wengine ni nafuu ya magoti. Tiketi yenu ina chini ya saa mbili na nusu Nairobi. Kwa mimi hiyo inatosha bila kumchosha, mradi ndege ya Dar isichelewe. Mwombeni wakala mapema msaada wa kiti cha magurudumu, hata kama mama anatembea vizuri. Atapelekwa hadi mlangoni, na hatapotea.

Kitu kimoja sijaona watu wakimwandaa nacho msafiri wa njia hii. Mama ataona usiku mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona. Jua litazama Dar kabla hajapanda ndege ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu jioni. Kisha ataruka kuelekea magharibi, akikimbia pamoja na giza. Atakula, atalala, ataamka, atachungulia dirishani: giza. Saa yake ya mkononi itasema saa nne asubuhi, huko Morogoro nyinyi mmeshafua na kuanika, na yeye yuko juu ya Atlantiki gizani. New York Januari jua huchomoza karibu saa moja na dakika ishirini asubuhi ya kule, kwa hiyo atatua bado kiza. Ukijumlisha, kutoka jua la Dar kuzama hadi jua la New York kutoka ni zaidi ya saa ishirini. Mwambie mapema, la sivyo atadhani kuna jambo. Kama anaswali, Alfajiri itamkuta katika saa ya mwisho, ndege ikijiandaa kushuka, basi awe na udhu wake mapema kabla taa za mikanda hazijawaka na foleni ya chooni haijazuiwa. Kurudi atashangaa kinyume chake: ataondoka adhuhuri, na baada ya saa mbili na nusu hivi tayari ni magharibi, halafu usiku wenyewe utakuwa wa saa tisa tu, jua limkute juu ya Chad.

Kuhusu mwili wake sina mengi, mimi si daktari. Kama ana dawa za kila siku za presha au sukari, nendeni mkamuulize daktari wake azimeze kwa saa ipi siku ya safari, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku. Achague kiti cha pembeni ya njia asione haya kuinuka. Ndege hii hushindiliwa hewa ndani ili iwe kama uko futi 6,000 juu ya bahari, na uwanja wa Nairobi wenyewe uko futi 5,300 na kitu, kwa hiyo hatakuwa juu sana kuliko aliyekaa Nairobi. Hewa yake ni kavu, anywe maji. Na avae kitu chenye mikono mirefu, maana baridi ya ndege haina adabu, na ya New York Januari ni mbaya zaidi. Dada yako aje uwanjani na koti.

Sasa simu. Najua utakaa nayo mkononi. Usianze kuhangaika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi ya Morogoro kwa sababu tiketi imeandika 06:25. Saa hiyo mama atakuwa bado Afrika, juu ya Sahara, amelala. Ndege itasimama getini saa nane na dakika ishirini na tano mchana ya huko kwenu. Halafu kuna foleni ya uhamiaji, alama za vidole, kungoja masanduku, na mtu wa mara ya kwanza huulizwa maswali. Anza kuisubiri simu yake kuanzia saa kumi alasiri.